Mbeleko Iliyoning'inia Juu ya Moto

Ilikuwa siku ya kuvuna maharage, na hakuna siku ya kawaida kuliko hiyo. Unainama asubuhi, unanyooka jioni, basi. Hapa Kitanga, mvua zinapokaribia kuisha, ukungu unakaa bondeni mpaka jua liwe kali, nguo hazikauki, watoto wanakohoa, na watu wazima wanagombania vijiko. Haya nitakayoandika yalitokea nyumbani kwa mdogo wangu Winifrida, ambaye uwanja wake umetenganishwa na wangu kwa migomba tu. Sikuhadithiwa. Nilikuwapo.

Nyumba ile ilikuwa na vizazi vinne na choo kimoja. Wa juu kabisa alikuwa Bibi Ininahazwe, mama mkwe wa Winifrida, aliyekimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa msichana wa juzi tu. Huku ndiko alikomzaa Kipriani, na Kipriani akamuoa mdogo wangu. Mtoto wao wa kiume akamuoa Esperance kutoka Makere, akampa mimba, akaenda machimboni Kahama, na tangu hapo anatuma salamu kwa simu. Salamu hazipikiki. Esperance akabaki hapo na mtoto wake, Mpawenimana, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

Watu wanaosifia kuishi pamoja na wazee, wajukuu na vitukuu, wengi wao wanaishi peke yao mjini. Mle ndani kila mtu alikuwa amemchoka mwenzake. Winifrida alichoka kumwogesha mama mkwe. Esperance alichoka kufundishwa kusonga ugali wa muhogo kama vile kwao walikuwa wanakula majani. Kipriani alichoka kulalamikiwa na pande zote. Bibi Ininahazwe yeye alichoka zamani, kabla hatujamfahamu. Mgongo wake ulikuwa umepinda kabisa, akitembea anaangalia vidole vyake vya miguu, na mikono ameipeleka nyuma, kiganja juu ya kiganja, chini kidogo ya kiuno. Tulisema ni jembe. Huku mgongo wa kila mwanamke tunasema ni jembe.

Jikoni kwao, juu ya mafiga, ilining'inia mbeleko ya ngozi ya kondoo. Warundi huiita ingovyi. Siku hizi hakuna anayebebea mtoto ngozi. Vitenge vimejaa masokoni. Lakini ile Bibi alikuja nayo, na sheria yake ilikuwa moja: isiguswe. Hata Kipriani hakubebwa humo. Kamba zake zilikuwa zimefungwa fundo gumu kwa mbele, kama vile imemfunika mtu.

Asubuhi hiyo Kipriani alimpeleka mama yake kigangoni kwa pikipiki, padri alikuwa anawapaka wazee mafuta. Mimi nilikuwa nimekuja kuwasaidia kuvuna. Vitenge vyote vilikuwa vimelowa kwenye kamba, na mtoto anakohoa. Winifrida akaangalia juu.

"Mama, hiyo ni ya Bibi," Esperance alisema.

"Na Bibi ana mtoto gani wa kubeba? Ngozi inakula moshi bure, mtoto anakufa kwa baridi. Nishikie kigoda."

"Atakasirika."

"Hawezi hata kuangalia juu, huyo. Shika kigoda, mkwe, au panda wewe."

Akaishusha. Fundo lilimshinda kwa vidole, akalifungua kwa meno. Ngozi ilikuwa laini kama imepakwa samli jana yake. Ilikuwa pia na joto, joto zuri, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka. Tukasema ni joto la moto. Moto asubuhi ile ulikuwa haujawashwa. Tulikuwa tumekunywa uji uliolala.

Tukashuka shambani, Winifrida kambeba mjukuu wake kwenye ngozi. Kufika katikati ya mteremko akaanza kuhema.

"Dada Epifania, huyu mtoto mnamlisha mawe?"

"Wewe ndiye umezeeka," nikamwambia. "Hiyo ndiyo faida ya kuwa bibi."

Akacheka. Kwenye matuta akaacha kucheka. Nilimwona anang'oa shina moja, anasimama, anang'oa jingine, anasimama. Mwishowe akakaa chini kabisa, na mdogo wangu si mtu wa kukaa shambani. Mtoto alikuwa kimya muda wote. Tuliporudi tukamfungua, na gauni la Winifrida lilikuwa limelowa mgongoni. Mtoto kukojoa mgongoni si habari. Lakini madoa yalikuwa mawili, kila upande moja. Niliyapapasa mwenyewe. Moja lilikuwa la vuguvugu.

Lile jingine lilikuwa la baridi kama maji ya kisimani.

Ngozi tuliirudisha mahali pake kabla Bibi hajarudi. Winifrida akafunga kamba fundo lake la haraka haraka, lile la kufungia kuni. Tukaendelea na maisha.

Kuanzia hapo mtoto akawa mzito kwa kila aliyembeba, hata kwa kitenge. Ukimshika mikononi alikuwa mwepesi, kila siku mwepesi zaidi, mikono imekuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Ukimweka mgongoni, magoti yanakugongana. Zahanati walimpima wakakuta uzito umeshuka. Nesi akamwambia Esperance, "Wewe mama, unamnyonyesha au unamwangalia tu?" Msichana wa watu akalia njia nzima. Kabanga hospitali walimpima damu, wakamsikiliza kifua, hawakuona ugonjwa. Na hakulia, mtoto yule. Ukimlaza kwenye mkeka alijivuta mpaka ukingoni, akalala hapo kwa ubavu, kama mtu aliyeambiwa asogee.

Mimi siamini kitu mpaka nikishike. Mchana mmoja, tukiwa tunapiga maharage kwa fimbo uwanjani, nikamwambia Esperance amlete. Nikainama, nikamweka mgongoni, nikafunga kitenge. Uzito ukanishukia. Nimebeba magunia, nimebeba wagonjwa, najua uzito. Huu haukuwa wa kitu. Ulikuwa wa mtu aliyelala na kujiachia.

Nikasimama tuli. Nikasikia pumzi kwenye sikio la kulia. Pumzi ndogo, ya moto, yenye makohozi. Huyo ni Mpawenimana.

Nikasikia pumzi kwenye sikio la kushoto.

Mtoto mmoja hapumui kwenye masikio mawili kwa wakati mmoja. Nikamfungua polepole, nikampa mama yake, nikachukua fimbo yangu nikaendelea kupiga maharage.

Sasa sikiliza hili. Wakati mtoto anaisha, Bibi Ininahazwe alianza kunyooka.

Kwanza tuliona anaangalia magoti ya watu badala ya vidole vyao. Halafu viuno. Halafu asubuhi moja akatoka chumbani ameshika ukuta, akanitazama usoni. Tangu nimfahamu sikuwahi kuyaona macho yake yote mawili kwa pamoja. Yalikuwa mekundu. Watu wangefurahi, lakini yeye hakufurahi. Mikono yake ilikuwa bado nyuma, viganja vikishika hewa. Alizunguka nyumba nzima, akitazama nyuma ya milango, nyuma ya mitungi, chini ya vitanda. Winifrida alimuuliza anatafuta nini. Akafungua mlango mwingine.

Huku kwetu bibi kizee akinyooka na mtoto akanyauka kwenye nyumba moja, watu hawahitaji kuambiwa. Kisimani wanawake waliacha kuongea nikifika. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ma Epifania, ni kweli yule mama anarudi ujanani?" Nikamwambia arudi kwanza yeye kwa mume wake. Lakini maneno yalishafika kwa Esperance.

Yalilipuka siku ya mvua, saa za mchana, tukiwa wote jikoni kwa sababu ya baridi. Esperance alikuwa amemshika mtoto kifuani. Bibi akanyoosha mkono kumgusa.

"Usimguse!" Esperance alisema. Hakupiga kelele. Alinong'ona, na ilikuwa mbaya zaidi. "Unamla mwanangu. Kila mtu anajua. Wewe unanyooka, yeye anaisha. Niache nirudi kwetu naye akiwa bado anapumua."

"Mke wa mwanangu, chunga mdomo," Kipriani alisema. Lakini hakumwangalia mama yake. Alikuwa anaangalia moto. Ndipo nilipojua kwamba na yeye ameshaamini.

Bibi Ininahazwe akasimama pale, amenyooka, mrefu kumbe. Akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, aliangalia juu ya mafiga.

Akaona fundo la kuni.

"Nani amemfungua?" akauliza.

Kipriani akasukuma kuni ndani ya mafiga.

"Nimewauliza. Nani amemfungua mtoto?"

Winifrida akafunika uso kwa upande wa kanga. "Mama, nisamehe. Ilikuwa siku moja tu. Kulikuwa na baridi."

Bibi akakaa kwenye kigoda. Alisema kwa kifupi, kwa sauti ya mtu anayehesabu vyombo. Kwamba alipokimbia alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni, kwenye ngozi ile. Kwamba mtoto aliacha kulia njiani, na yeye alijua kwa nini, lakini kundi lilikuwa linaenda mbio na aliyesimama alibaki. Kwa hiyo hakufungua. Alitembea naye hivyo hivyo, anaimba. Walipofika mahali pa kupumua, wanawake wakamfungua kwa nguvu, wakazika kilichokuwamo.

"Walizika," alisema. "Mgongo wangu haukuwa na habari. Nilipoanza safari tena alikuwapo. Nikafunga ngozi ikiwa tupu, nikafunga fundo, ili asianguke. Nikaitundika kwenye joto. Alikuwa ametulia. Hakuwa na shida na mtu." Akamtazama Winifrida bila hasira yoyote. Hasira ingekuwa nafuu. "Sasa amepata mgongo wenye damu ya moto. Na hana ubaya. Anataka tu kubebwa, na amezoea kubebwa peke yake."

Esperance akamkumbatia mwanawe zaidi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelegea.

"Nipeni mbeleko yangu," Bibi akasema.

Kipriani akaishusha. Bibi akainama pale pale penye mafiga, sisi tunamwangalia. Winifrida alikuwa bado amefunika uso, kwa hiyo mimi ndiye niliyeiweka ngozi mgongoni kwa Bibi, tupu, imenywea. Nikapitisha kamba za juu, nikapitisha za chini. Esperance akaambiwa amlaze mwanawe kwenye mkeka nyuma yake. Akakataa. Kisha akamlaza.

"Ngwino," Bibi akasema kwa Kirundi chake. Njoo. "Ngwino, mwana wanje." Mwanangu.

Nikaanza kukaza fundo.

Ngozi ikajaa.

Sikuota. Ilijaa chini ya mikono yangu. Kwanza matako. Halafu mgongo mdogo. Halafu kitu kikajigeuza, kikalaza shavu.

Magoti ya Bibi yakapiga sakafu. Na nyuma yetu Mpawenimana akalia. Alilia kwa sauti ya mbuzi, ya njaa, ya hasira, na Esperance akamwangukia na ziwa nje mbele za baba mkwe wake, na hakuna aliyejali.

Kuanzia siku hiyo mtoto alinyonya kama anatafuna. Bibi alirudi kuangalia vidole vyake vya miguu, na chini zaidi ya hapo. Hakulala tena kitandani. Aliketi kwenye kigoda usiku na mchana, ameinamia mbele, ngozi mgongoni, mikono nyuma. Esperance alimletea uji kila asubuhi, akapiga magoti, akamnywesha. Walichokuwa nacho cha kusameheana kilikuwa kikubwa kuliko maneno, na kazi za nyumbani zilikuwa nyingi.

Siku moja nikiwa nimekaa naye juani akaniita. "Epifania. Wewe ndiye uliyefunga. Nikifa msifungue. Na msinilaze chali."

"Tukulazeje, Bibi?"

"Kwa ubavu. Nikilala chali nitamlalia."

Akafa kabla mahindi hayajakauka vizuri. Alikufa ameketi, na alikauka akiwa amepinda hivyo hivyo. Tulipomwosha sisi wanawake tuliizunguka ngozi kwa kitambaa, hatukuigusa. Nikatoka, nikawaambia wanaume alivyoagiza. Katekista Leonidasi akakunja uso. Alisema Mkristo halazwi kaburini kwa ubavu kama mlevi, wala hazikwi na ngozi ya mnyama mgongoni, na kwamba maneno kuhusu nyumba hii yameshatosha, tusiyaongeze. Kipriani alikuwa amechoka na maneno ya watu. Akaitikia kwa kichwa. Nilisema mara moja, nikasema mara ya pili. Mwanamke akisema mara ya tatu msibani wanampelekea maji ya kunywa.

Kipriani mwenyewe akakata kamba kwa kisu. Ngozi wakaikunja, wakaiweka miguuni mwa jeneza. Halafu wanaume wawili wakashika mabega ya marehemu, wakamnyoosha ili mfuniko ukae.

Tulisikia kitu kikitoa pumzi. Ndogo.

Leonidasi akasema ni mbao.

Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na mibuni. Kiangazi kikaingia. Hapa kiangazi kikiingia udongo unapasuka, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi. Kaburi likakauka lote isipokuwa sehemu moja ya katikati, ndogo, unaweza kuifunika kwa sahani. Ilikuwa na unyevunyevu. Winifrida akasema ni chemchemi. Nikamwambia chemchemi ya kilimani, mdogo wangu?

Baada ya muda kaburi likakauka kabisa, na alama ile ya unyevu ikaonekana chini ya mibuni. Halafu kwenye njia ya kwenda jikoni. Ilikuwa inahama kama mtoto anavyohama kwa matako kabla hajajua kutambaa. Esperance aliiona. Aliacha kumbeba Mpawenimana mgongoni, akawa anamshika mbele, mikononi, hata akienda kisimani, na watu wakamcheka kwamba anabeba mtoto kama beseni. Mtoto alikuwa amenenepa. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika vigoda. Na mama yake alikuwa na mimba nyingine, maana baba wa mtoto safari hii alikuja mwenyewe msibani badala ya salamu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwao baada ya ibada kuomba chumvi. Alama ilikuwa kwenye kizingiti cha jikoni. Ndani, Esperance alikuwa amenipa mgongo, ameinama, anapuliza moto. Mgongo mpana, wa kijana, wenye joto. Unaomba kabisa kubebeshwa. Mpawenimana alikuwa ameketi pembeni na kikombe. Aliangalia kizingiti, halafu taratibu akajisogeza ukutani, akaacha nafasi.

Sikumwita Esperance. Angegeuka, angepiga kelele, angejikwaa na mimba yake. Mimi watoto wangu wamekua na wengine nimewazika, na mgongo wangu hakuna anayeuhitaji kwa kazi nyingine. Nikageuka, nikakipa kizingiti mgongo. Nikainama, nikashika magoti.

"Haya, ngwino," nikanong'ona. "Lakini usinivunje kiuno."

Nilikaa hivyo kidogo. Kisha Esperance akaniita kutoka ndani, "Ma mkubwa, umepoteza nini hapo chini?"

"Sindano," nikamwambia. Nikachukua chumvi, nikarudi kwangu taratibu, maana hata kile kinjia cha migombani siku hizi ni kirefu.

Kizingiti chao kimekauka. Winifrida amepita asubuhi hii kuniambia, anacheka, anasema hata chemchemi huchoka. Alikaa kwenye kiti changu cha kuegemea, akaruka akajipapasa mgongoni, akauliza nani amemwaga maji kwenye kiti. Nikamwambia ni paa linavuja. Akatazama juu, akatazama nje kwenye vumbi, akanitazama mimi nilivyoketi kwenye kigoda na mikono yangu ilipo. Alikwenda.

Sijalala chali tangu Jumapili.